Ruta moja, ripita, meshi au waya? Ulinganisho wa waifai ya nyumbani kwa nyumba za Dodoma

Nyumba nyingi zinazojengwa sasa Nzuguni, Ilazo au Iyumbu zinafanana: kuta za matofali ya saruji ya inchi 5 au 6 zilizopigwa plasta pande zote mbili, mlango wa mbele wa chuma, madirisha ya alumini yenye nondo, bati juu. Fundi wa faiba akifika huingizia waya dirishani sebuleni, anaweka ruta nyuma ya televisheni na kwenda zake. Haipiti wiki, wa chumba cha mwisho wa korido wameanza kulalamika. Dukani watashauriwa kununua ruta kubwa zaidi, ripita (kifaa kinachorudia mawimbi ya ruta) au seti ya meshi (vituo kadhaa vya waifai vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja). Njia ya nne, waya na ruta ya pili, haitajwi sana kwa sababu haina faida kubwa kwa muuzaji.

Msimamo wetu tuutaje mapema: kama waya mmoja unaweza kupita juu ya dari, upitishe. Ripita iwe ya mwisho. Ila kabla ya kutoa hata shilingi, pima.

Tatizo ni ukuta au ni mwingiliano?

Pakua programu ya bure ya kuchambua waifai kwenye simu ya Android. iPhone haziruhusu programu za kawaida kusoma mitandao ya jirani, hivyo mwenye iPhone aazime. Tembea chumba kwa chumba, simama nusu dakika kila mahali, andika namba ya dBm, yaani nguvu ya mawimbi yanayofika hapo. Ni namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Ukiona -50 uko jirani kabisa na ruta. Hadi -67 simu ya video inakwenda bila kukwama. Ikifika -75 kurasa zinafunguka kwa kusuasua, na kwenye -85 simu itakuonyesha kuwa imeunganishwa huku hakuna kinachopita.

Halafu pima kasi mara mbili: mita 2 kutoka kwenye ruta, kisha katika chumba kinachosumbua. Kasi ikiwa mbovu hata kando ya ruta, shida iko kwa mtoa huduma au kwenye kifurushi, na hakuna kifaa kinachotajwa humu kitakachokusaidia. Kasi ikiwa nzuri kando ya ruta lakini chumbani unasoma -80, mkosaji ni ukuta. Chumbani ukisoma -55 na bado kasi inapanda na kushuka, hasa kuanzia saa 2 usiku mtaa mzima ukiwa nyumbani, huo ni mwingiliano wa mawimbi, yaani mtandao wako na ya jirani inagombea hewa moja. Watu wengi hununua kifaa cha kuvuka ukuta ilhali kinachowasumbua ni mwingiliano, na kifaa kile kinauongeza.

2.4 GHz dhidi ya 5 GHz

Ruta hutuma kwenye bendi mbili za masafa, 2.4 GHz na 5 GHz. Kuchagua kati yake ni chaguo la bure na ndilo lenye matokeo makubwa kuliko yote.

Bendi ya 2.4 GHz ina chaneli 13, yaani vipande vya kutumia, lakini zimepishana kwa MHz 5 tu, wakati waifai inahitaji upana wa MHz 20. Zisizogusana ni tatu: 1, 6 na 11. Kwenye safu za vyumba vya kupanga Chang'ombe au Nkuhungu si ajabu kukuta mitandao kumi na zaidi ikigombea hizo tatu. Wengi wakiona hivyo hukimbilia chaneli 3 au 8 wakidhani ni kichochoro kitupu. Siyo. Ruta mbili zilizo kwenye chaneli moja husikiana na kupokezana, moja ikituma nyingine inasubiri. Ukikaa kwenye 3, ruta za 1 na za 6 zinakufikia kama kelele isiyosomeka. Data inaharibika njiani na kutumwa upya. Kwa hiyo baki kwenye 1, 6 au 11, na uchague ile ambayo majirani wake wanasikika kwa udhaifu zaidi, hata kama idadi yao ni kubwa. Majirani watano wa -85 hawakusumbui kama mmoja wa -50.

Upana uweke MHz 20. Ukiweka 40 umechukua karibu nusu ya bendi, na katika mtaa uliojaa utaambulia kasi ndogo zaidi. Usiiache ruta ijichagulie chaneli kwa Auto pia. Ruta nyingi huchagua mara zinapowaka. Umeme ukikatika mtaa mzima na kurudi, zote zinawaka kwa pamoja, kila moja inasikiliza hewa ambayo bado ni kimya, na zinaweza kurundikana mahali pamoja.

Vifaa vya ndani navyo vimo. Maikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi ya karibu 2.45 GHz, na kinachovuja mlangoni kinatosha kukata simu ya video iliyo jikoni. Chaneli 1 huathirika kidogo kuliko 6 au 11. Diski au flashi ya USB 3.0 iliyochomekwa kwenye ruta au kulazwa kando yake hutoa kelele ndani ya bendi hii hii, kwa hiyo isogeze mbali au tumia tundu la USB 2.0. Bluetooth iko kati ya MHz 2402 na 2480, ila imeundwa kurukaruka na kukwepa chaneli zenye shughuli, hivyo madhara yake ni madogo. Dishi la Azam au DStv linasingiziwa bure: linapokea kwenye masafa ya GHz 10 na zaidi. Mnara wa simu nao unasingiziwa bure. Chaja duni na taa za LED za bei ya chini zitakukorofishia redio ya FM, si waifai.

Upande wa 5 GHz kuna nafasi. Chaneli 36, 40, 44 na 48 hazina masharti, na hapo ndipo pa kuanzia. Kuanzia 52 hadi 144 ruta inalazimika kusikiliza rada kwanza, kwa dakika 1 au zaidi kabla ya kuanza kutuma. Ikisikia rada inatakiwa kuhama ndani ya sekunde 10 na isirudi kwa nusu saa. Ukiona mtandao wako wa 5 GHz unatoweka ghafla na kurudi kwa namba nyingine, sababu inaweza kuwa hiyo. Katika vyumba vilivyobanana tumia upana wa MHz 40. MHz 80 inazichukua zote nne kwa mpigo na inafaa nyumba iliyo peke yake ndani ya uzio.

Gharama ya 5 GHz ni umbali. Hata mahali pa wazi, kwa umbali ule ule inafika ikiwa dhaifu kwa karibu dB 7, na ukuta unaongeza hasara. Kila dB 10 inayoliwa inaacha sehemu moja ya kumi ya nguvu, kwa hiyo kuta mbili zinazokula dB 10 kila moja zinakuachia sehemu moja ya mia. Ukuta mmoja wa bloku unavumilika, wa pili unatia shaka, wa tatu sahau. Lakini kwa mpangaji wa chumba kimoja udhaifu huo ni neema: ukuta unaokuzuia wewe unamzuia na jirani. Angalizo moja ni kwamba simu nyingi za bei nafuu hazina 5 GHz kabisa. Kama jina la mtandao wa 5 GHz halionekani kwenye simu huku simu ya mwenzako inaliona, ndiyo hali hiyo.

Kama huna meshi, bendi mbili zipe majina tofauti. Televisheni na kompyuta ya sebuleni ziingie 5, simu za vyumba vya mbali zibaki 2.4.

Ruta yenye antena nyingi

Tulimalize haraka. Mawasiliano ya waifai ni ya pande mbili. Ruta ya nyumbani hutuma kwa takriban mW 100 kwenye 2.4 GHz, na simu hutuma kwa kiasi pungufu ya hapo kwa sababu ya betri. Ruta kubwa itasikika chumba cha mwisho na simu itajaza mistari yote, lakini jibu la simu ndilo halifiki. Badilisha ruta kwa sababu ya sasa ni ya 2.4 pekee, au inazidiwa na wingi wa vifaa. Kwa sababu ya umbali, hapana.

Mahali pa kuiweka

Nyuma ya televisheni ni pabaya kwa sababu kioo chake kina bamba la chuma. Juu ya friji pabaya. Kando ya mlango wa chuma pabaya, na ndani ya kabati la kioo chenye alumini vilevile. Tenki la maji lililo kati ya nyumba na uani nalo hula mawimbi ya 2.4, kwani maji yanayafyonza. Dirisha lenye wavu wa mbu wa chuma ni ukuta kamili kwa waifai. Wavu wa plastiki unapitisha.

Pazuri ni koridoni katikati ya nyumba, urefu wa mita 2 kutoka sakafuni, antena zikiwa wima. Antena hutawanya mawimbi ubavuni mwake, si kutoka kwenye ncha, hivyo ukiielekeza ncha chumba cha mbali unakipa sehemu dhaifu kabisa. Kwa nyumba ya ghorofa laza antena moja ili ihudumie juu. Waya wa faiba wenyewe usiukunje kwa kona kali wala kuuvuta bila fundi. Unachoweza kufanya ni kuacha kisanduku cha faiba pale kilipo na kupeleka waya wa kawaida wa mtandao hadi kwenye ruta koridoni.

Njia tatu za kufika chumba cha mwisho

| | Ripita | Meshi bila waya | Waya na ruta ya pili |
|---|---|---|---|
| Gharama | Ndogo | Kubwa kuliko zote | Ya kati, au ndogo ukiwa na ruta ya zamani |
| Kasi chumba cha mwisho | Nusu au chini | Nzuri kwa hatua moja, inashuka ya pili | Karibu sawa na ya ruta kuu |
| Mwingiliano | Unaongezeka | Unaongezeka kidogo | Unaweza kupungua |
| Kazi ya kuweka | Dakika 10 | Nusu saa | Nusu siku, ngazi na drili |
| Kinachoharibika | Mahali pake. Hujitenga umeme ukirudi | Kituo kilicho mbali mno na kingine | Vichwa vya waya, panya darini |

Ripita hupokea na kutuma upya kwa redio ile ile na kwenye chaneli ile ile, kwa hiyo kila data inapita hewani mara mbili. Kifaa cha 2.4 GHz chenye antena mbili huandika kasi ya Mbps 144, halisi yake ni karibu nusu, na kupitia ripita inabaki robo. Hapo bado jirani hajawasha yake. Ripita ya bendi mbili, inayopokea kwa 5 na kugawa kwa 2.4, ina nafuu. Kosa linalorudiwa ni kuichomeka katika chumba kisicho na mawimbi. Haina cha kurudia! Iweke katikati ya njia, mahali ambapo simu inasoma kati ya -60 na -67 kutoka kwa ruta kuu. Inamfaa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta na anayehitaji meseji na kurasa tu.

Meshi ni ripita iliyosomeshwa. Vituo vinajuana, jina la mtandao ni moja, na vinaisaidia simu kuhama, ingawa uamuzi wa kuhama unabaki wa simu yenyewe. Seti ya redio tatu hutenga moja kwa mazungumzo ya vituo vyenyewe. Seti ya redio mbili, ambayo ndiyo ya bei ya chini, inachanganya mazungumzo hayo na ya simu zako. Kwa kuta za bloku usiweke zaidi ya ukuta mmoja, kuta mbili kwa shida, kati ya kituo na kituo. Na kama kituo kina tundu la LAN (la waya wa mtandao wa ndani), kiunganishe kwa waya. Meshi iliyofungwa kwa waya ndiyo bora kuliko vyote hapa, kama mfuko unaruhusu.

Kuna pia vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme za nyumba. Vinategemea soketi mbili ziwe kwenye fezi moja, havipendi kuchomekwa kwenye ekstensheni, na mota ya pampu au chaja mbovu inavivuruga. Jaribu kama dukani wanakubali kurudishiwa.

Waya, kwa undani

Unahitaji waya wa Cat5e au Cat6, vichwa vya RJ45 angalau sita (viwili ni vya kazi, vingine vya kuharibu), koleo la kubania, kipimio cha taa nane na bomba la PVC la mm 20. Pima njia halisi: kupanda ukuta mita 3, kupita darini, kushuka mita 3, na uongeze mita 2. Kikomo cha waya huu ni mita 100, na nyumba ya vyumba vitatu haikaribii hapo.

Dukani kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Ni rahisi kwa bei na rahisi kukatika kwenye kichwa. Lipia shaba tupu.

Darini uweke mbali na nyaya za umeme kwa sentimita 30 pale zinapokwenda sambamba, na pale zinapokatizana zivuke kwa pembe mraba. Bomba moja la umeme na mtandao usikubali, fundi aseme nini. Bomba la PVC linaukinga waya dhidi ya panya.

Kichwa ukikishika kikonyo chake cha plastiki cha kufungia kikiwa chini na vidole vya shaba juu, kutoka kushoto panga hivi: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili sawa. Mafundi wengine hupanga jozi kwa mfululizo, rangi na mwenzake. Kipimio kitawasha taa zote nane kwa mpangilio na kila mtu ataridhika, lakini waya mrefu utakuwa unapoteza data, kwa sababu namba 3 na 6 lazima ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja. Taa ya 4, 5, 7 au 8 isipowaka, waya utafanya kazi kwa Mbps 100 tu badala ya 1000. Mwenye kifurushi cha Mbps 20 hatagundua kamwe.

Kisha ruta ya pili. Iunganishe na kompyuta peke yake, bila ruta kuu, na ufuate mpangilio huu:

1. Jina la mtandao na nywila viwe sawa na vya ruta kuu. Ulinzi uwe WPA2 wa AES au WPA3. Ukiacha TKIP, ulinzi wa zamani, kasi inafungwa kwenye Mbps 54.
2. Chaneli iwe tofauti: kuu ikiwa 1, hii iwe 6 au 11. Kwenye 5 GHz, moja 36 na nyingine 44, kila moja kwa upana wa MHz 40.
3. Badilisha anwani. Kuu ikiwa 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2. Baadhi ya ruta za faiba ni 192.168.100.1, basi hii iwe 192.168.100.2.
4. Ingia upya kwa anwani mpya, zima DHCP, yaani kazi ya kuvigawia vifaa anwani, ambayo inabaki ya ruta kuu. Hii iwe ya mwisho, kwani ukishaizima kompyuta haitapewa anwani na hutaingia tena kirahisi.
5. Chomeka waya kwenye tundu la LAN. Tundu la WAN (la kuingizia intaneti) liache wazi.

Ukisahau kuzima DHCP, dalili yake inachanganya: nyumba hiyo hiyo, simu hii ina intaneti, ile imeunganishwa lakini haina, na kesho yake zinabadilishana. Na kama simu inang'ang'ania ruta ya sebuleni hata ukiwa chumbani, punguza nguvu ya 2.4 GHz kwenye ruta zote mbili hadi kiwango cha kati. Kupunguza nguvu kunasaidia kuliko kuongeza.

Kwa chumba cha uani tumia waya mweusi wa nje, maana waya wa kawaida ngozi yake hupasuka kwa jua la Dodoma. Uzike kwenye bomba. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, radi ikipiga karibu hupitisha umeme kwenye shaba inayounganisha majengo mawili na kuua ruta zote mbili. Mwenye uwezo avute faiba kati ya majengo, na kila upande aweke kibadilishi kinachounganisha faiba na waya wa kawaida.

Mwenye laini ya 4G

Huko Ihumwa au Nala, penye makazi ambayo faiba haijafika, ruta ya laini inakuletea mgongano: laini inataka dirishani panapotazama mnara, waifai inataka katikati ya nyumba. Usitafute suluhu ya kati, kwani utapoteza kote. Fungua ukurasa wa ruta usome RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara. -90 ni nzuri, -110 ni taabu. Zungusha ruta dirisha kwa dirisha hadi upate namba bora, iache hapo, kisha vuta waya kutoka LAN hadi ruta ya pili koridoni kama ilivyoelezwa juu.

Chaguo kwa aina ya nyumba

Chumba kimoja au viwili vya kupanga: ruta moja ya bendi mbili, 5 GHz kwenye 36 hadi 48, nguvu ya kati. Usinunue kingine. Nyumba ya vyumba vitatu au vinne: hamishia ruta koridoni kwanza, upime, kikibaki chumba chini ya -75, waya mmoja na ruta ya pili. Ghorofa: kituo kimoja kila sakafu, kwa waya, kwa sababu zege la kati lenye nondo hupitisha mawimbi kidogo sana. Uani: waya wa nje.

Kumbuka kila kifaa kinataka umeme wake. Betri ndogo ya ruta ya mAh 10,000 ina takriban Wh 37, na ruta inayokula W 7 itaendeshwa kama saa 4 ukiondoa kinachopotea njiani. Hakikisha volti ya betri ni ile iliyoandikwa chini ya ruta, kwani za V 9 na V 12 zina plagi inayofanana. Meshi ya vituo vitatu inataka betri tatu.

Na aliye bado kwenye msingi au linta, aagize bomba la mm 25 kutoka sebuleni hadi darini koridoni na hadi kila chumba kabla ya plasta, na ndani yake aache kamba ya kuvutia. Pale darini koridoni aweke na soketi ya umeme, ambayo mafundi husahau karibu kila mara.